Msituuzie Kiboko Mkikiita Gaaru

Wiki jana niliposti kavideo ka dakika moja na nusu kuhusu sumo. Si mnawajua, wale mabuda wakubwa wa Japani wanaosukumana kwa duara la mchanga. Nilieleza jinsi wanavyoishi: kila mwanamieleka ana nyumba yake ya mazoezi inayoitwa heya, analala humo, anakula humo, anaamka alfajiri na kufanya mazoezi kabla hajatia kitu tumboni. Wadogo wanapika na kufagia, wakubwa wanaoga kwanza. Juu ya wote kuna mkuu wa nyumba, mwanamieleka mstaafu.

Video ilikuwa ya kuburudisha tu. Lakini msee mmoja akaandika chini yake: "Hii ndiyo inakosekana Meru na Embu. Vijana wamekuwa laini. Rudisheni gaaru." Hiyo komenti ikapata likes kuliko video yenyewe. Wengine wakaongeza yao: sisi tulipigwa na tukanyooka, hawa wa siku hizi wanalelewa kama mayai.

Nikasema sawa. Mnataka tuongee kuhusu heya na gaaru? Tuongee. Ila tuongee yote, tusichague tu nusu inayotufurahisha.

Tuanze na heya moja. Inaitwa Tokitsukaze, iko Tokyo. Mwanzilishi wake ni Futabayama, na kama hujawahi kusikia hilo jina, jua huyu ndiye alishinda mapigano 69 mfululizo kati ya 1936 na 1939. Hadi leo hakuna aliyevunja hiyo rekodi. Na jamaa alikuwa haoni kwa jicho la kulia, toka utotoni! Mwaka 1941, akiwa bado anapigana, akafungua nyumba yake ya mazoezi. Alipostaafu mwaka 1945 ikachukua jina la Tokitsukaze. Baadaye akawa mwenyekiti wa chama chote cha sumo mpaka alipofariki mwaka 1968. Mkuu mwingine wa nyumba hiyo, Yutakayama, naye pia akaja kuwa mwenyekiti. Kwa ufupi, hii haikuwa nyumba ya mtaani. Hii ilikuwa nyumba ya heshima kabisa.

Sasa ruka hadi Juni 2007. Kijana wa miaka 17 amejiunga na nyumba hiyo miezi michache tu iliyopita. Maisha yamemshinda, anajaribu kutoroka, anarudishwa. Mkuu wa nyumba anampiga kwa chupa ya bia. Wakubwa zake wanampiga kwa gongo la besiboli la chuma. Kesho yake wanampeleka kwa mazoezi marefu kupita kiasi, mpaka anaanguka. Anakufa.

Mwanzoni ilisemwa ni moyo. Ugonjwa tu, bahati mbaya. Ni familia yake ndiyo iliuona mwili, ikaona alama, ikakataa hiyo stori na kuomba uchunguzi wa maiti. Hapo ndipo ukweli ukatoka. Mkuu wa nyumba akafukuzwa kwenye sumo mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Mahakama ikamhukumu miaka 6 mwaka 2009, na kwenye rufaa ikapunguzwa kuwa 5. Wale wakubwa watatu nao wakapatikana na hatia.

Kwa hivyo wewe uliyeandika "hii ndiyo inakosekana kwetu," ninakuuliza kwa heshima: ni gani hasa? Ile rekodi ya 69, au ile chupa ya bia? Kwa sababu zote mbili zimetoka kwenye nyumba moja.

Haya, tukuje nyumbani.

Mimi nimezaliwa upande wa Nkubu, nikasomea Embu. Hiyo barabara ya kupitia Chogoria, Chuka na Runyenjes naijua hata nikifunga macho. Na gaaru sikufundishwa shuleni, nilisimuliwa na guka yangu. Kwa wale hawajui: gaaru ilikuwa nyumba kubwa ya vijana wa Kimeru waliokwisha kutahiriwa. Walilala pamoja humo, kwa miaka, mpaka wakati wa kuoa. Haikuwa mahali pa kukaa bure. Walikuwa walinzi wa mlima wao na ng'ombe wao, na vita ikija wao ndio walioitwa kwanza. Walikuwa na rika lao, na rika lililowatangulia liliwaangalia. Juu ya rika zote kulikuwa na wazee, na juu ya wazee wa kawaida kulikuwa na Njuri Ncheke. Kila mtu alijua kijana fulani ni wa gaaru gani, na gaaru ikifanya ujinga, wazee wangejua waulize nani.

Sisemi gaaru ilikuwa mbinguni. Guka mwenyewe alisema kulikuwa na fimbo, kulikuwa na uonevu, kulikuwa na vijana walioogopa usiku. Lakini kulikuwa na vitu vitatu ambavyo nataka uviweke kichwani. Kwanza, walioingia walikuwa vijana wakubwa, si watoto. Pili, walikuwa na kazi ya maana ambayo jamii yote iliitegemea. Tatu, kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Halafu mambo yakabadilika. Waingereza waliipiga Embu mwaka 1906 na kuweka ofisi yao hapo. Mwaka 1908 Horne, yule wazee walimwita Kangangi, akaweka ofisi Meru. Vita vya milima vikaisha kwa amri. Ukiondoa vita, unaondoa kazi ya gaaru. Kisha zikaja shule za misheni, kodi, na kazi za mashamba ya wazungu, na vijana wakasambaa. Nyumba ikakosa watu, ikakosa kazi, ikaanguka. Leo ukitaka kuona mabaki ya maisha ya zamani unaenda makumbusho ya Meru mjini, ndani ya jengo ambalo lilikuwa ofisi ya DC. Cheka au lia, chagua wewe.

Nyumba ilianguka. Kuna kitu kimoja hakikuanguka: fimbo.

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kila Desemba, mitihani ikiisha, kuanzia Maua mpaka Runyenjes, watoto wa miaka 12, 13, 14 wanapashwa tohara. Kisha wanawekwa kibandani. Kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, au chumba cha pembeni. Anakaa humo wiki mbili, tatu, hata mwezi. Mama haruhusiwi kuingia. Dada haruhusiwi. Baba mara nyingi yuko kazini Nairobi, ametuma pesa ya chakula kwa M-Pesa akaona amemaliza. Anayebaki na mtoto ni kijana mwingine, wa miaka 18 au 20, ambaye naye alipigwa kibandani juzi tu.

Halafu usiku wanakuja wageni. Mnawajua. Makundi ya vijana wa mtaa, wengine wameshalewa, wanakuja "kumfundisha mwanaume." Wanataka pesa. Wanataka nyama. Usipowapa wanachapa, na ukiwapa wanachapa pia. Wanamlazimisha mtoto mwenye kidonda apige magoti na kujibu mafumbo ambayo hakuna aliyemfundisha majibu yake. Akikosea, waya. Na kanuni kubwa kuliko zote: ya kibandani hayasemwi nje. Ukisema, wewe si mwanaume.

Mimi nilikaa kibandani siku 19. Sitaandika yote. Nitaandika moja tu. Usiku wa tano walikuja watu saba, na mimi niliwajua watatu kati yao. Mmoja alikuwa akiniuzia mandazi karibu na shule. Alinipiga kwa waya wa stima iliyokunjwa mara mbili. Asubuhi yake mama aliniletea uji, akauacha mlangoni, akauliza kwa sauti, "Uko sawa, baba?" Nikasema niko sawa, mama. Nilikuwa na miaka 13. Nilikuwa nimelala kwa tumbo kwa sababu mgongo haungegusa godoro. Mama alikuwa mita mbili kutoka kwangu, na kati yetu kulikuwa na karatasi moja ya mabati.

Sasa nikisikia mtu anaandika "sisi tulipigwa na tukanyooka," ninataka kumuuliza: ulinyooka kwenda wapi? Kwa sababu mimi sikunyooka. Mimi miaka mitatu baadaye nilikuwa mmoja wa wale wageni wa usiku. Sikumpiga mtu, lakini nilisimama mlangoni nikashika tochi na nikacheka. Hiyo ndiyo kitu waya ilinifundisha. Haikunifundisha ujasiri, wala kazi, wala kuheshimu mtu. Ilinifundisha kushika tochi.

Na mkumbuke, karibu kila mwaka tunasoma kwa magazeti kuhusu mtoto aliyeumia au kufa kwa kibanda mahali fulani. Na stori ya kwanza huwa ileile ya Japani: aliugua tu. Ni damu. Ni malaria. Ni bahati mbaya. Tofauti ni hii. Tokitsukaze ilikuwa na jina kwenye mlango. Ilikuwa na mkuu anayejulikana, kwenye chama kinachojulikana, kwa hivyo familia ilipopiga kelele kulikuwa na mlango wa kugonga. Kibanda cha Desemba hakina jina. Hakina mkuu. Januari kinabomolewa, mabati yanarudi kwa paa la ng'ombe, na hakuna mtu wa kuulizwa.

Ndio maana nasema mnaotaka "gaaru irudi" hamtaki gaaru. Gaaru ingewataka ninyi wazee mkae hapo usiku. Ingewataka akina baba warudi kutoka Nairobi. Ingewataka mjue majina ya vijana wote wa kijiji na mjue nani analala wapi. Hiyo ni kazi ngumu. Fimbo ni rahisi, haihitaji mtu mzima. Mlichohifadhi ni fimbo tu, mkaipa jina la nyumba iliyokufa.

Najua jibu la kwanza litakuwa: "Lakini bila ugumu kijana hatoki mwanaume." Sawa, tuongee kuhusu ugumu. Ukitoka Embu mjini ukipanda barabara ya Kianjokoma, unafika chuo cha ualimu cha Kigari. Hapo, kwa miaka mingi, timu ya taifa ya mbio za nyika imekuwa ikipiga kambi kabla ya mashindano ya dunia. Hiyo timu, upande wa wanaume wakubwa, ilishinda ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, kutoka 1986 hadi 2003. Mwaka 1988 kule Auckland, kati ya watu 9 wa kwanza kumaliza, 8 walikuwa Wakenya. Paul Tergat alishinda mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999. Na juzijuzi Beatrice Chebet ameshinda 2023 na 2024.

Hiyo kambi ni heya kabisa. Wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaamka giza likiwa bado, baridi ya Mlima Kenya inauma masikio. Wanakimbia milima mpaka wengine wanatapika. Kuna wachanga na kuna wakongwe, na mchanga anajifunza kwa kumfuata mkongwe. Ugumu uko, tena wa kutosha. Lakini angalia kilicho pale ambacho hakiko kibandani. Kuna kocha mwenye jina. Kuna orodha ya walio kambini. Kuna mtu wa kuangalia majeraha. Kuna siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Wanawake wako hukohuko na hakuna aliyesema wanaharibu mazoezi. Na kuna sababu: kila maumivu yanakupeleka mahali fulani. Hakuna bingwa wa dunia aliyeongeza kasi kwa sababu walevi saba walimtembelea usiku na waya.

Kwa hivyo usiniambie Embu hatujui kulea vijana kwa ugumu bila kuwaumiza. Tunajua. Tumeangalia ikifanyika kwa miaka, kwa barabara yetu wenyewe, huku tumebeba ndizi na majani chai tukiwapungia mkono.

Jibu la pili najua litatoka upande mwingine, wa watu wangu wa Nairobi: "Basi piga marufuku kitu yote. Tohara hospitali, mtoto arudi nyumbani, kwisha." Nawaelewa, lakini hapana. Marufuku peke yake tumeshaiona hapa. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilikataza ukeketaji wa wasichana Meru, serikali ya mkoloni ikiwa nyuma yake. Mnajua kilichotokea? Wasichana wengi walijikata wenyewe na kwa wenzao. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Ukeketaji ni ubaya, na ulikuwa ubaya siku hiyo pia. Lakini ukinyang'anya vijana mlango wa kuingia utu uzima bila kuwapa mlango mwingine, watatoboa ukuta.

Kijana wa miaka 13 anataka kuambiwa na watu wazima, mbele ya watu, kwamba sasa yeye ni mkubwa. Hicho si kitu cha kuchekwa. Mimi nilikitaka. Nilikitaka vibaya sana, ndio maana nilivumilia na kunyamaza.

Na mlango mwingine upo tayari. Hospitali ya PCEA Chogoria imekuwa na programu ya tohara pamoja na mafunzo kwa vijana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Makanisa mengi huku kwetu yanafanya kambi za Desemba: mtoto anatahiriwa na daktari, anakaa na wenzake, anafundishwa na watu wazima wanaojulikana, na siku ya kutoka kuna sherehe na mama anapiga ngemi. Si kambi zote ni nzuri, na si kila mtu ana pesa ya kulipia. Lakini zimethibitisha kwamba inawezekana.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachotaka, na ni kidogo sana. Kila mahali panapokaa mtoto aliyetahiriwa, pawe na mtu mzima mmoja, mwenye jina, anayejulikana na chifu, anayelala hapo. Mhudumu wa afya wa kijiji aingie na aangalie mtoto mzima, mgongo pia, si kidonda tu. Mzazi yeyote, mama akiwa mmoja wao, aweze kumwona mtoto wake siku yoyote. Na hakuna mgeni baada ya giza. Hakuna. Ukija usiku na waya, wewe si mwalimu wa mila, wewe ni mtu anayepiga mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inajua jina lako.

Wazee wa Njuri na wazee wa Embu, nawaheshimu, na nawaomba: semeni hili kwa sauti kabla ya Novemba. Mkisema nyinyi, litasikika kuliko video zangu zote.

Lakini post hii sikuiandika hasa kwa wazee. Nimeiandika kwa wewe msee wa miaka 17, 19, 22, unayesoma hii ukiwa Makutano, au Majengo, au hosteli ya chuo Embu. Desemba utarudi nyumbani. Kuna usiku mmoja maboyz watakupitia na kukwambia twende tukamwone kijana wa fulani. Hutakuwa na waya. Utakuwa umeshika tochi tu.

Baki nyumbani. Au bora zaidi, enda mchana. Beba maziwa, keti na huyo mtoto, mwambie ukweli kuhusu kusoma, kazi, wasichana, pombe, na jinsi wewe mwenyewe uliogopa. Kisha usiku ukae mlangoni kwake, na hao saba wakija, uwaambie ameshalala.

Guka alikuwa akisema kazi ya kijana wa gaaru ilikuwa kulinda wanaolala. Kama unataka kuirudisha, anza hapo.

Komenti ziko wazi. Na wewe mama uliyeacha uji mlangoni: sikuwa sawa. Lakini uji niliunywa wote.